Katibu Aliyetupeleka Ireland kwa Baiskeli

Katibu alizaliwa mtaa gani na ni mtoto wa nani sikuwahi kumuuliza, kwa sababu Katibu ukimuuliza jambo hukujibu, na akianza kukujibu chai yako itapoa, itaota utando, na wewe bado utakuwa umesimama na kikombe mkononi ukisema "ndiyo, Katibu". Najua tu kwamba alitoka Unguja kijana, baada ya Mapinduzi, na kwamba amekuwa Katibu wa jumuiya yetu hapa London tangu mimi sijazaliwa. Wenyeviti wamekuja wameondoka. Ukumbi tumeuhama ule wa Woolwich tukaja huku Edmonton. Katibu ni yule yule. Bibi wa Sambusa, anayepika kwenye shughuli zetu zote na haogopi mtu, anasema hata marehemu mkewe alikuwa akimwita Katibu, tena chumbani.

Asiyemjua akimwona kwenye shughuli, na kanzu yake na miwani yake na kalamu mfukoni, hudhani ni mtu wa maana. Hajamwona Jumapili asubuhi. Jumapili Katibu huvaa ile suruali nyeusi ya kubana ya waendesha baiskeli, inayoishia magotini, na kwa kuwa mwenyewe anajua haimfai mtu wa umri wake, juu yake hufunga kikoi. Kikoi huingia kwenye mnyororo. Husimama kando ya njia, huinama, huvuta, husema "audhubillahi", kisha hupanda tena na kikoi kile kile. Vikoi vyake vyote vina alama za mafuta meusi upande wa kulia. Kichwani huvaa kofia ya viua, na juu ya kofia helmeti, ikikaa juu juu kama sufuria iliyowekwa juu ya sufuria. Miaka yote hiyo hajapata akili ya kuvua kimoja.

Kila kiangazi huenda Ireland. Haendi kwa kazi wala kwa jamaa. Huenda kuendesha baiskeli mvuani na kutazama nyumba zilizobomoka. Huvuka kwa meli, hupanda vilima, hula mayai ya kuchemsha aliyotoka nayo London, na hurudi na picha. Tungesamehe yote isipokuwa picha.

Sikukuu ya Idi, watu wamevaa, biriani imeshafika, watoto wanavuta shuka za meza, Katibu husimama. "Ndugu zangu, kabla ya chakula, safari fupi." Taa huzimwa. Projekta inaanza kunguruma. "Hii ni njia ya kuendea magofu. Haya ni magofu kwa mbele. Haya kwa ubavu. Hapa mvua ilikuwa inaanza." Ukidhani yamekwisha, ni magofu mengine.

"Katibu, biriani inaganda!" Bibi wa Sambusa hupiga kelele gizani.

"Bado kidogo, Bibi. Sasa tunaingia Sligo."

"Basi ingia, baba, wenzio tunakufa!"

Ukumbi mzima hucheka, na yeye hucheka pia, halafu hatuonei huruma hata kidogo, hutuonyesha zote zilizobaki. Katika picha zake hakuna mtu hata mmoja. Ni mawe, majani, kondoo, na baiskeli yake imeegemezwa ukutani kama mgonjwa anayengoja daktari.

Siku moja nilimuuliza Mama kwa nini Ireland, na si Unguja, ambako nauli yake ingemwonyesha ndugu zake. Mama akaniambia aliyoyasikia kwa Bibi wa Sambusa: kwamba Katibu alipofika London mwanzo alibisha milango ya vyumba vya kupanga na kila aliyefungua akimwona alifunga, mpaka Kilburn, bibi mmoja wa Kiayalandi akamfungulia, akampa chumba na supu ya viazi. "Ndiyo mapenzi yake yalipoanzia," Mama alisema. Nikafikiri, haya, mtu kafunguliwa mlango mmoja, sasa sisi sote tunaadhibiwa.

Jambo lililonichosha zaidi ni siasa zake, yaani zile anazojifanya hana. Kijana mmoja mkutanini aliwahi kuomba tuweke siku moja wazee watuhadithie mambo ya Mapinduzi, nani alikuwa wapi, nani alipotea, kwa sababu sisi watoto wa huku hatujui chochote. Katibu akagonga meza kwa kalamu. "Haimo kwenye ajenda. Na hapa si mahali pa siasa." Yule kijana akakaa chini. Lakini muulize Katibu vita vya Ireland! Nani alimnyang'anya nani shamba, nani alitia moto kanisa la nani, atakueleza mpaka povu limkauke mdomoni. Ana ngome yake moja anayoipenda, iko ukingoni mwa ziwa, wageni waliopewa ardhi walijifungia humo na wenyewe waliopokonywa ardhi wakaja kuizingira. Waliokuwa ndani wakaahidiwa kwamba wakitoka hawatadhurika. Wakatoka. Akifika hapo sauti yake hushuka. "Hawa walikuwa na haki yao, na wale walikuwa na haki yao," husema, "na asubuhi palikuwa hapana mtu."

Mara moja katika Idi akiihadithia akasema baadhi ya wanawake walikuwa wamejificha kwenye ghala la karafuu. Ireland hakuna karafuu. Mimi nilicheka, hata sikujizuia. Nilipogeuka kuona nani mwingine kacheka, nikaona wazee wote wanatazama chini, na Mama akanifinya paja mpaka nikataka kulia. Katibu alibonyeza kidude chake ikaja picha ya kondoo.

Katika mikutano yake hakuna kupitisha jambo bila kunyanyua mikono. "Asiyenyanyua mkono hahesabiwi. Kunyamaza si kura." Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu zaidi ya mara moja, na nayaandika hapa kwa sababu ya yatakayofuata.

Sisi tulimjua kwa karibu kwa ajili ya nyumba. Baba alifariki Unguja nikiwa mdogo, Mama akaja huku, akapata kazi ya kulea wazee kwenye nyumba ya wazee, na tulikuwa tukiishi chumba kimoja kwa watu. Katibu ndiye aliyetuandikia, akatusimamia, akaenda kaunsili, ofisi ya serikali ya mtaa inayogawa nyumba, akakaa kwenye viti vyao vya plastiki mpaka wakachoka naye wakatupa flati yetu ya ghorofa ya tatu. Naamini kabisa walitupa ili aondoke. Tangu hapo Mama hawezi kumwambia Katibu neno baya. Akija bila taarifa, chai. Akikaa mpaka Mama anachelewa kazini, chai nyingine.

Kisha daktari akamwambia Mama sukari yake inapanda, afanye mazoezi. Na Katibu alikuwa ameanzisha kikundi cha baiskeli cha jumuiya. Hapo ndipo balaa lilipoingia nyumbani kwetu.

Alimfundisha Mama kwenye uwanja wa magari nyuma ya jengo letu. Mimi nilitazama kutoka dirishani, kwa sababu sikutaka mtu wa skuli apite anione nimesimama na watu wale. Mama baibui amelikunja na kulifunga kiunoni, chini suruali yake ya kazi. Katibu anakimbia ubavuni na kikoi chake. "Tazama mbele! Usitazame gurudumu! Gurudumu halina habari na wewe!" Mama akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mapipa ya taka akaanguka. Mwanamume mwingine yeyote angemnyanyua. Katibu, kwa kuwa si halali yake, alisimama mbali, mikono nyuma, akamwelekeza namna ya kuinuka. "Kwanza mkono wa kulia. Vizuri. Sasa goti. Si hilo, jingine." Nilifunga pazia.

Lakini wiki chache baadaye nilifungua pazia nikamwona Mama anazunguka uwanja ule peke yake, mtandio umerudi nyuma, anacheka na hakuna aliyesema kitu cha kuchekesha. Sijapata kumwona na uso ule. Kazini anarudi uso umekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye mashine. Nilimchukia Katibu zaidi, kwa sababu uso ule alikuwa ameuleta yeye.

Alianza kuja kutazama tairi. Kila siku tairi. Anaibonyeza kwa kidole gumba, anasema upepo haumo, anatia, anapanda juu kunywa chai. Baiskeli ya Mama ilikuwa na upepo kuliko zote London.

Halafu siku moja Mama akaniambia, bila kuniangalia, akiwa anachagua mchele, "Wanakuja wazee Jumamosi. Wana maneno."

"Maneno gani?"

"Utayasikia. Wewe ndiye utakayewapokea."

"Mimi? Kwa nini mimi? Mjomba je?"

"Mjomba simu yake haishiki. Katibu anasema harusi yenyewe mjomba atatafutwa, lakini posa ni heshima ya nyumba, na katika ukoo wetu aliyepo London ni wewe." Akapuliza makapi. "Watakachosema, jibu lako ndilo jibu langu. Ukisema ndiyo, ndiyo. Ukisema la, la. Mimi nitakuwa jikoni."

Mimi ni mtu wa kuona haya. Sijisifu, ndivyo nilivyo. Skuli mwalimu akiniuliza na jibu ninalo, ulimi unaganda, na wenzangu wanajua, wanahesabu kwa vidole mpaka mwalimu aniache. Nikiagiza chipsi naonyesha kwa kidole. Na mtu huyu anayejua taratibu zote za dunia akaona inafaa kuleta posa ya mama yangu kwangu mimi.

Walikuja watatu. Katibu kwa joho. Ami wa Woolwich, ambaye ni rafiki yake mkubwa na husema kwa sauti kama yuko ng'ambo ya barabara. Na mzee mwingine mpole ambaye alikuwa na kikohozi. Walikaa kwenye kochi letu wamebanana, magoti juu, mimi kwenye kiti mbele yao, mtandio mpaka kwenye nyusi.

"Sisi, binti yetu," alianza Ami wa Woolwich, "tumekuja na maneno ya kheri. Katika nyumba hii tumeona ua. Na ndugu yetu huyu ana bustani."

Nikatazama dirishani. Sisi hatuna hata chungu cha maua, na Katibu anaishi juu ya duka la kuku wa kukaanga.

"Basi tunauliza, mwenye nyumba atatupa ua letu, au turudi na njaa yetu?"

Nilikuwa nimelipanga neno. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni: Hapana, ahsanteni wazee wangu. Nikafungua mdomo. Katibu alikuwa akinitazama juu ya miwani, uso umejaa jasho, na hapakutoka kitu. Jikoni maji yalikuwa yanachemka, kisha hayakuchemka tena, Mama kayaondoa apate kusikia. Nikatazama zulia.

"Haya," akasema Ami wa Woolwich baada ya kitambo. "Mwari akiulizwa akanyamaza, karidhia. Sheria inajulikana."

Yule mpole akakohoa. "Lakini hiyo si kwa bibi harusi mwenyewe?"

"Huyu si ndiye wakala wake? Kunyamaza kwa wakala ni kunyamaza kwa mwenyewe! Yakhe, usituharibie shughuli."

Wakamtazama Katibu. Na yule mtu wa kunyanyua mikono, yule wa "kunyamaza si kura", akavua miwani akaifuta kwa joho, akasema, "Naona tumekubaliana."

Wakasoma fatiha. Halua ikafunguliwa, walikuja nayo mfukoni. Mama akatoka jikoni na kahawa, akanitazama mara moja tu, na siku ile na siku zilizofuata hakuniuliza kitu. Nami nikaona, basi, karidhika. Nilimsikia akiimba alipokuwa akiosha vyombo na nikaongeza hilo kwenye hesabu ya Katibu.

Tangu hapo akaniita mwanangu. "Mwanangu, umekula?" "Mwanangu, skuli vipi?" Na akatangaza kwamba mwaka huu haendi Ireland peke yake, anakipeleka kikundi kizima, na mimi na Mama tumo. Harusi tukirudi.

Tulikwenda kwa meli ya Liverpool hadi Belfast, baiskeli zimepakiwa kwenye gari la Bibi wa Sambusa, ambaye hapandi baiskeli lakini alisema hawezi kuacha watu wazima wafe kwa mayai ya kuchemsha. Kutoka hapo tukaenda Fermanagh, kwenye ziwa kubwa lenye visiwa. Nasema kweli, na inaniuma kuisema: ni pazuri. Njia nyembamba, kuta za mawe zimeota ukungu wa kijani, ng'ombe wanakutazama kama majirani, mvua inakuja inaondoka bila kuaga. Baada ya kila kona kuna mnara wa mviringo au ukuta wa kanisa umebaki peke yake shambani. Katibu husimama kila mahali. Hatukupita jiwe bila hotuba. Na vilima, ambavyo anavihubiri mwaka mzima, mwenyewe hawezi kuvipanda. Hushuka akasukuma, akitweta, huku akitupigia kelele sisi tushushe gia. Mama alimpita kila kilima. Kila mara alimpa salamu akipita, na kila mara yeye alijibu kwa kirefu mpaka Mama hasikii tena.

Siku moja kabla ya kurudi tulifika kwenye makaburi ya zamani, kisiwani, njia imevuka daraja. Katikati ya nyasi kuna jiwe lenye umbo la watu wawili waliopeana mgongo, macho makubwa, mikono imekunjwa. Katibu akawakusanya wazee akaanza. Mimi na Mama tukakaa ukutani na chapati.

"Harusi ikishapita," Mama akasema, "utamwita nani? Baba?"

Machozi yakaanza kunitoka tu.

"Nini sasa? Kwa nini uliridhia kama humtaki?"

"Sikuridhia. Nilinyamaza."

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Wewe umeridhia! Ulikuwa ukiimba!"

"Nilikuwa naimba nisilie, mwanangu." Mama akaweka chapati juu ya goti. "Nilikuwa jikoni nakuombea Mungu useme la. Mimi siwezi. Yule katutoa kwenye chumba cha watu. Nilijua wewe humpendi, kila mtu anajua, unavyomtazama. Nikasema, huyu atasema la, na mimi nitakuwa sikumkosea mtu. Nilikuamini kwa chuki yako."

Tukatazamana. Mama alianza kwanza. Alicheka mpaka akajishika tumbo, nami nikacheka na kamasi zangu, na wazee wakageuka kwenye jiwe lao kutuangalia.

"Nani atamwambia?" nikauliza.

Mama akaacha kucheka. "Tukirudi London nitatafuta mtu mzima."

Nikajua hatatafuta. Nikajua itafika siku ya harusi na Mama yuko jikoni. Nikashuka ukutani. Wazee walikuwa wanarudi njiani, Katibu amebaki nyuma anapiga picha jiwe kwa ubavu.

"Katibu."

"Naam, mwanangu. Umeliona hili? Hakuna anayejua ni nani. Wengine wanasema ni mungu wao wa kale, wengine…"

"Siku ile mimi sikuridhia."

"Siku gani?"

"Siku mliyokuja na wazee."

Akashusha kamera. "Ulinyamaza."

"Niliona haya."

"Mbele ya wazee wawili na mimi watatu, hukusema neno."

"Ndiyo. Sasa nasema."

Akavua helmeti. Kofia ya viua ilikuwa imelowa. Akatazama ukutani, Mama alikuwa amegeuza uso kwenye maji. "Na yeye?"

"Na yeye hataki. Alikuwa akiningoja mimi."

Nilidhani atakasirika, au atalia kama anavyowalilia Waayalandi waliokufa zamani. Akasema, "Utaratibu ungekuwa mnitumie mtu."

Hata hapo! Nikamdharau kwa moyo wangu wote, na hiyo ndiyo iliyonipa sauti. "Mtu ni mimi. Si ulikuja kwangu?"

Akairudisha helmeti kichwani, akajaribu kufunga kifungo cha kidevuni, kikakataa, akajaribu tena, kikakataa. Akakiacha kinaning'inia, akaenda kwenye baiskeli yake.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, Bibi wa Sambusa alikuwa amekaanga samaki wa ziwani na wote tuko mezani. Katibu akasimama na kugonga glasi kwa kijiko. Mama akanishika mkono chini ya meza.

"Ndugu zangu, nina tangazo. Nimefikiri sana njiani. Mimi nimezoea upweke wangu. Nina magoti, nina safari zangu, nina kazi za jumuiya. Mke anataka mtu wa kukaa nyumbani. Kwa hiyo posa yangu nimeiondoa mwenyewe. Bibie hana kosa lolote."

Ami wa Woolwich akapiga meza. "Fatiha imesomwa, yakhe! Utaiondoaje?"

"Fatiha haipotei. Iwe ya safari."

"Ya safari!" Bibi wa Sambusa alinyanyuka na mwiko mkononi. "Wewe mwanamume huna haya? Umemzungusha mtoto wa watu kwenye vilima hivi, kila mtu London anajua anaolewa, leo unamwacha mezani mbele ya samaki? Kwa sababu ya baiskeli?"

"Bibi, nimesema hana kosa."

"Kosa ni lako! Mtu mzima ovyo!"

Wanawake wakamzunguka Mama. Wakampa pole. Wakamwekea samaki mkubwa kuliko wote, wakampapasa mgongo, wakamwambia wanaume ndivyo walivyo, atapata mwingine, tena mwenye akili. Mama aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, na wao wakazidi kumhurumia. Mimi peke yangu nilijua anacheka. Katibu alikaa akala. Alitukanwa na Bibi wa Sambusa kuanzia samaki mpaka chai, na mzee mpole naye akasema kwa kikohozi chake kwamba si vizuri. Hakutetea kitu. Hakunitazama hata mara moja.

Nikawa nawaza: mtu huyu hata kukataliwa hakubali kukataliwa, lazima iwe ni yeye aliyeamua, lazima aitangaze kama ajenda. Niliwaza hivyo nikiwa nimekaa pale namwangalia akitoa miba ya samaki, mmoja mmoja, akiipanga pembeni mwa sahani.

Asubuhi hakuna mwanamke aliyemjibu salamu. Tuliondoka na jua, ajabu ya Ireland, na yeye mbele peke yake, kikoi kinapepea. Mama akampita kwenye kilima cha kwanza na safari hii hakumpa salamu, kwa sababu wanawake wenzake walikuwa wanamwangalia. Juu ya kilima palikuwa na ukuta mmoja wa kanisa, dirisha lake tupu, mawingu yanapita ndani yake. Katibu alikuwa ameshashuka, ameegemeza baiskeli, ameinua mkono kama kawaida. "Hapa, ndugu zangu, palikuwa na…"

Bibi wa Sambusa akapita na gari, akapiga honi. Ami wa Woolwich akapita akitazama mbele. Wote wakapita. Mkono wake ulibaki juu, halafu akajifanya anaweka sawa helmeti.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nikashika breki. Sijui kwa nini, nilitaka tu kupumzika, kilima kilikuwa kirefu. Akanitazama, akatazama ukuta.

"Palikuwa na watawa," akasema, kwa sauti ya chini. "Walikuwa wakinakili vitabu. Majira ya baridi wino uliganda, ikabidi wauweke kwapani."

Akangoja niondoke.

"Enhe?" nikasema.

Akanigeukia kwa haraka, kuona kama namdhihaki. Na kweli, nusu nilikuwa namdhihaki.

"Enhe, halafu?"

Akaendelea.